Mchezaji asiye na nambari ana matumaini gani?

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Ngoingwa nikingoja chai, mara nikamwona jirani yangu akija na mkewe. Kwa mwendo wao nilitambua kwamba maneno hayakuishia nyumbani. Nyuma yao, hatua kama kumi hivi, alifuata kifungua mimba wao, binti wa miaka 18 aliyemaliza kidato cha nne, kichwa chini kana kwamba ndiye aliyevunja chungu.

Nyumba yao na yangu zinatenganishwa na ua wa kayaba tu. Kwa miaka kadhaa nimemsikia binti huyo jioni akipiga mpira wa tenisi ukutani, to! to! to!, hata mama watoto wangu akawa anajua saa ya kuinjika sufuria ya ugali kwa mlio huo. Hapo mwanzo sote tulidhani ni mchezo wa kitoto utakaomwisha. Haukumwisha.

"Mzee," akaanza baba mtu hata kabla hajaketi, "wewe husoma gazeti kutoka nyuma kuja mbele. Tuamulie neno hili."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Juma hilo binti alikwenda Nairobi kujaribu bahati yake katika mchujo wa mashindano ya tenisi ya kulipwa, yale ya ngazi za chini yanayosimamiwa na Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF. Mechi ya kwanza alishinda. Ya pili alifungwa 6-4, 6-3 na msichana kutoka Ulaya. Akapanda matatu kurudi Thika bila pointi na bila senti. Sasa baba mtu, ambaye huuza vipuri vya magari mjini, ameamua kuuza ploti yake ya 50 kwa 100 ili ampeleke binti Tunisia na Misri kwa majuma kumi, kwa kuwa huko mashindano ya aina hii hufanywa takriban kila juma. Mama mtu naye amesema kwamba kabla ya ploti hiyo kuuzwa, labda auzwe yeye kwanza.

"Swali letu ni moja tu," akasema mama. "Mtoto huyu ana matumaini, au tunadanganyana?"

Niliomba chai iongezwe vikombe vitatu, maana niliona swali hilo si la kujibiwa kwa kutikisa kichwa. Na kwa kuwa najua zipo nyumba nyingi zenye mtoto wa namna hii, awe ni wa tenisi, wa riadha au wa gitaa, nimeona niyaandike hapa niliyowaambia.

Kwanza tufahamu ngazi yenyewe. Sote tunajua kabumbu. Timu ikifanya vyema katika ligi ya chini hupandishwa, ikifanya vibaya hushushwa. Katika tenisi kila mchezaji ni timu peke yake. Juu kabisa yapo mashindano manne makubwa: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Chini yake yapo mashindano ya ATP kwa wanaume na WTA kwa wanawake. Kisha huja daraja la pili, ambalo wanaume huliita Challenger, nao wanawake wana yale ya WTA 125 na makubwa ya ITF. Chini zaidi ndipo palipo na mlango wa kuingilia: M15 na M25 kwa wanaume, W15 na W35 kwa wanawake. Katika mashindano ya wanawake, tangu mwaka 2024 tarakimu hiyo ndiyo idadi ya pointi anazopata bingwa. Atakayetwaa W15 anapata pointi 15, na atakayetwaa W100 anapata 100.

Pointi hizo ndizo humpa mchezaji nambari katika orodha ya dunia, na nambari ndiyo humfungulia mlango wa mashindano ya juu. Asiye na nambari huanza katika mchujo, kama alivyoanza binti wa jirani yangu, au husubiri waandaji wampe nafasi ya mwaliko. Tena pointi haziwekwi benki. Kila pointi huishi majuma 52 kisha hufutika, kwa hivyo aliyepanda mwaka huu akiumwa goti au akikosa nauli, mwakani atajikuta alikoanzia.

Baba mtu akaguna. "Hizo pointi 15 si nyingi. Mtoto akishinda shindano moja tu, si ameshapata jina?"

Nikamwambia, "Ndugu yangu, hebu tuhesabu pamoja." Katika W15 yenye wachezaji 32, bingwa hushinda mechi tano mfululizo ndani ya juma moja, na aliyetoka katika mchujo huwa ameshacheza nyingine kabla ya hizo. Anayeshinda mechi moja tu ya awamu ya kwanza hupata pointi moja. Anayefika robo fainali hupata tatu, nusu fainali sita, na anayeshindwa fainali kumi. Ili jina liandikwe katika orodha ya WTA, mchezaji hutakiwa apate pointi katika mashindano matatu, au akusanye pointi zisizopungua kumi.

Tazama basi, msomaji. Binti huyu hahitaji kuwa bingwa wa dunia ili awe na nambari. Anahitaji kushinda mechi ya awamu ya kwanza mara tatu, katika mashindano matatu tofauti, ndani ya mwaka mmoja. Kwa maneno hayo mama mtu aliinua macho kwa mara ya kwanza. Lengo hilo linaonekana kwa macho ya kawaida.

Lakini upande wa pili wa hesabu ni mchungu. Zawadi yote ya W15 ni dola 15,000, wala si ya mtu mmoja. Bingwa huchukua kama dola 2,350, yaani zaidi ya shilingi 300,000 kwa kima cha kubadilisha fedha cha miaka hii ya karibuni. Anayeng'olewa awamu ya kwanza huchukua kama dola 147, takriban shilingi 19,000, na hapo kodi haijakatwa. Mimi sijaona ndege ya kumpeleka mtu Tunisia na kumrudisha kwa shilingi 19,000, achilia mbali hoteli, chakula na kutia nyuzi mpya kwenye raketi. Naye anayeng'olewa katika mchujo hurudi mikono mitupu.

Wala hili si tatizo la Mkenya peke yake. ITF yenyewe ilichunguza mambo ya mwaka 2013 ikakuta kwamba watu wapatao 14,000 walicheza mashindano ya kulipwa mwaka huo, na karibu nusu yao hawakupata hata senti moja ya zawadi. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba mwanamke alihitaji kuwa karibu na nambari 253 duniani, na mwanamume karibu na nambari 336, ndipo mapato yatoshe gharama za mwaka, bila kuhesabu mshahara wa kocha. Gharama hizo zilikuwa karibu dola 40,000. Kwa hivyo hata mchezaji nambari 400, mtu ambaye angewatoa jasho mabingwa wengi wa vilabu vyetu, aghalabu huishi kwa hisani ya wazazi, wafadhili au chuo.

Na hapo juu kukoje? Huko mvua ni ya rupia. Mwaka 2025 Wimbledon ilimlipa aliyeshindwa awamu ya kwanza pauni 66,000, zaidi ya shilingi milioni kumi, kwa mechi moja tu ya kushindwa. Kati ya huyo na binti aliyeng'olewa Nairobi, tofauti ya mpigo wa mpira si kubwa kama tofauti ya fedha. Ndiyo sababu watu huuza mashamba.

"Basi yupo Mkenya aliyewahi kuvuka?" akauliza mama.

Wapo. Paul Wekesa alifika nambari 100 duniani mwaka 1995 kwa wachezaji wa mmoja mmoja, na alitwaa mataji matatu ya ATP ya wawili wawili. Wekesa alipitia Chuo Kikuu cha Chapman kule California kabla ya kuzunguka dunia na raketi. Jambo hilo la chuo, nikamwomba mama aliweke akiba, maana nitalirudia.

Na wa pili ni Angella Okutoyi, ambaye kila mzazi anayesoma ukurasa huu anapaswa kumjua. Alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake. Mama yao alifariki wakati wa kujifungua, wakalelewa na nyanya yao aliyekuwa mfanyakazi wa shule moja jijini Nairobi. Hapakuwa na ploti ya kuuza. ITF ilimchukua katika kituo chake cha mazoezi nchini Burundi, baadaye Morocco. Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa vijana wa Afrika nchini Tunisia. Januari 2022 akawa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya vijana katika shindano kubwa, kule Australia. Julai mwaka uo huo, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili, kwa 3-6, 6-4 na 11-9.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawakulitia maanani. Ng'ambo ya wavu siku hiyo walisimama wasichana wawili wa Canada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Huyu Mboko wazazi wake walihama kutoka Kinshasa, Kongo. Mwaka 2025 aliuanza akiwa nje ya 300 bora, katika mashindano yayo hayo ya W35 yasiyoonyeshwa na televisheni yoyote. Akashinda mechi 22 mfululizo. Agosti mwaka huo huo, mbele ya watu wake mjini Montreal, akamshinda Naomi Osaka katika fainali na kutwaa mojawapo ya mataji makubwa ya WTA, naye ameingia kwa nafasi ya mwaliko.

Baba mtu alipiga goti lake kwa kiganja. "Si ndivyo ninavyosema! Mtoto wetu alimshinda huyo!"

Ndivyo, ndugu yangu, nikamwambia, lakini tusikimbilie mwisho wa hadithi. Mboko ni mmoja katika maelfu, na haiwezekani bajeti ya nyumba kujengwa juu ya mmoja katika maelfu. Cha kujifunza ni kwamba mwaka 2022 walikuwa katika uwanja mmoja na alama mbili tu ziliwatenganisha. Baada ya hapo mmoja alikuwa na chama cha tenisi chenye mfuko mzito, na mashindano tele katika bara lake. Mwingine kila shindano lilimdai ndege na viza.

Okutoyi hakukaa bure. Mwaka 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, na Machi 2024 akaleta medali ya dhahabu kutoka Michezo ya Afrika mjini Accra. Kwa medali hiyo angekwenda Olimpiki ya Paris, ila kanuni zilitaka bingwa huyo awe pia ndani ya 400 bora duniani kufikia Juni. Hakuwamo, na Paris hakwenda. Bingwa wa Afrika alibaki nyumbani kwa kukosa pointi, zile zinazookotwa moja moja katika vishindano ambavyo hapa kwetu hata hatuendi kutazama.

Nilipofika hapo barazani palikuwa kimya. Hata binti alikuwa ameinua kichwa.

Nikawaambia kwamba kwa maoni yangu, na mimi si kocha, matumaini ya mchezaji wa chini hayapimwi kwa mechi moja aliyofungwa. Nambari 300 huweza kumfunga nambari 100 siku yake ikiwadia, na asiye na nambari huweza kumfunga nambari 900. Kinachoamua ni kwamba siku hiyo ikiwadia, mchezaji awe uwanjani. Nayo siku hiyo haitumi barua. Katika majuma kumi ya mashindano, huenda ukashindwa juma la kwanza, la pili, la tano na la nane, ukashinda la tisa. Kwa hivyo anayepanda ngazi ni yule anayemudu kushindwa mara nyingi na bado akapata nauli ya juma linalofuata.

"Ukiuza ploti," nikamwambia baba mtu, "umenunua majuma kumi, na huyu mtoto ataingia kila mechi akijua kwamba analichezea shamba la babake. Mkono utatetemeka. Na juma la kumi na moja utauza nini?"

Hapo mama mtu akatabasamu, akidhani ameshinda kesi. Nikamgeukia naye.

Shindano linapofanywa nyumbani, karibu kila kitu humwegemea mwenyeji. Hahitaji viza. Atalala kwao au kwa shangazi yake Nairobi. Kutoka hapa Thika ni kilomita zipatazo 45 na barabara ni ile pana. Chama cha nchi mwenyeji huwa na nafasi za mwaliko za kuwapa vijana wake, nao hupita mchujo bila kuukanyaga. Tena kuna hewa yetu hii. Nairobi ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mahali pa juu namna hiyo mpira huruka mbali na kwa kasi, hata ITF ina mipira maalum kwa miinuko ya zaidi ya mita 1,219. Mgeni aliyetoka pwani ya Tunisia humchukua siku kadhaa kuacha kupiga mipira nje. Binti aliyekulia Ngoingwa ameuzoea mruko huo tangu ukutani kwao.

Kwa hiyo nilimwambia mama kwamba kumkataza kabisa nako ni hasara. Amefika mechi ya pili ya mchujo akiwa na umri wa miaka 18. Yupo karibu na mlango kuliko anavyoonekana. Mashindano ya nyumbani, na ya jirani yanayofikika kwa basi yakiwapo, hayo acheze yote. Lengo la mwaka wa kwanza liwe dogo na la kuandikwa ukutani: kuvuka mchujo mara moja. La pili, pointi moja. La tatu, nambari.

Kisha nikarudia lile la chuo. Wekesa na Okutoyi hawakuchagua kati ya kitabu na raketi. Vyuo vya Marekani humpa mchezaji mzuri masomo, malazi, kocha na mechi za kutosha, na likizoni wengi wao huenda kutafuta pointi za ITF. Vyuo hivyo hutazama mchezo na alama za mtihani pamoja. Cheti cha KCSE ambacho mama anakisisitiza kila siku ni sehemu ya mchezo, sawa na raketi. Nauli ya kuandika barua na kurekodi mechi kwa simu ni ndogo kuliko bei ya ploti. Zaidi ya hayo, chuo humpa miaka minne ya kushindwa bila kufilisi mtu.

Na sisi wengine tuna deni. Shindano la juma zima hudai fedha za waamuzi, viwanja, mipira na zawadi, na hufa lisipopata mdhamini. Mdhamini naye huangalia viti. Hapa mtaani tunaweza kujaza basi zima kwenda kutazama kabumbu, ila binti wa nyumba ya pili akicheza dhidi ya Ulaya, anashangiliwa na mamake na mwokota mipira. Ningependa siku moja chama chetu cha wakazi, ambacho kila mkutano huzungumzia taka na maji, kizungumzie pia nauli ya mtoto mmoja.

Chai ilikuwa imepoa. Baba mtu alikaa akizungusha kikombe, kisha akasema kwamba ploti atangoja nayo hadi mwisho wa mwaka. Hakusema hataiuza. Mama mtu alisema kwamba binti akipeleka kwanza maombi vyuoni, yeye mwenyewe atampikia chakula cha kubeba uwanjani. Hayo nayo hayakuwa kibali kamili, lakini yalikuwa zaidi ya walichokuja nacho.

Ndipo nikamwuliza mwenyewe, maana tulikuwa tumemzungumzia saa nzima kama gunia la mahindi sokoni. "Wewe, mwanangu, wasemaje?"

Akafikiri kidogo. "Yule Mzungu alinifunga kwa mpigo wa kuanzisha tu, baba. Mipira yake mingine naiweza. Nikikutana naye tena, seti ya kwanza ni yangu."

"Na akikufunga tena?" akauliza mamake.

"Nitapanda matatu, mama, nirudi nyumbani. Nauli ni ndogo tu."

Jioni hiyo mama watoto alikuwa hajaondoka jikoni tuliposikia ng'ambo ya kayaba, to! to! to! Mlio ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nilichungulia nikaona hapigi kwenda na kurudi kama kawaida. Alikuwa anarusha mpira juu na kuupiga, anarusha juu na kuupiga. Anajifunza mpigo wa kuanzisha.